Nta kwenye Mdomo wa Kibuyu

Nachingwea nilifika kwa sababu ya usingizi. Nilitakiwa kushuka Nanganga, pale njia zinapoachana, nipande gari ya kwenda Ruangwa. Lakini nilikuwa nimetoka Sikonge, nikalala stesheni Tabora, nikakaa kwenye treni mpaka mgongo ukasahau kunyooka, na Mbagala nikaingia kwenye basi la alfajiri bila kuonja hata chai. Tukapita Kibiti, tukapita Nangurukuru, jua likanipiga dirishani, na nilipofumbua macho tulikuwa Masasi.

"Ulikuwa unakwenda wapi wewe?" konda akaniuliza.

"Ruangwa."

"Basi pitia Nachingwea. Ukitoka huko utafika Ruangwa kwa mlango wa nyuma."

Nikapita Nachingwea. Watu wa kijiji cha Mnero wakasikia kuna Mnyamwezi anajua nyuki, wakanishika, na ule mlango wa nyuma ulinichukua misimu miwili kuufikia.

Kwenye mapaja nilikuwa nimepakata ndoo. Ndani mlikuwa na bomba la moshi, kofia ya wavu, na donge la nta kubwa kama kichwa cha mtoto, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Mama alinipa siku naondoka. Hakusema mengi. Alisema mtu akienda mbali aende na kitu cha kwao, hata kama hajui kitamfaa nini. Kila basi liliposimama, nyuki walikuwa wanaingia dirishani kuifuata ile harufu, na abiria wa pembeni yangu alinilalamikia mpaka Mingoyo: "Kaka, wewe nyuki wanakufuata kama mwenyekiti wa mtaa! Shusha ndoo yako basi."

Nawaandikia nyie wadogo zangu wa kikundi cha nyuki cha Nkowe, na wengine mnaopiga simu kuuliza, "Kaka Nyuki, ile dawa tunaichanganyaje?" Simu inakatika kila mara nikifika kwenye jambo la maana. Kwa hiyo naandika, na nitaandika jinsi ninavyokumbuka, si kwa mpangilio.

Kwanza hiyo dawa. Gundi ya nyuki mnaijua, ile kahawia inayonata ambayo nyuki wanazibia nyufa za mzinga. Wanaitoa kwenye utomvu wa miti, na wao wenyewe wanaitumia kufukuza wadudu na uozo nyumbani kwao. Pale Mnero akina mama walikuwa na bustani za mchicha, bamia na nyanya, na vidukari walikuwa wamekaa chini ya majani kama wamelipia. Nikasema, kama gundi inalinda mzinga, itashindwaje kulinda mchicha?

Nikailoweka kwenye maji. Ikakaa kama changarawe. Nikaichemsha, ikashikana na sufuria ya watu. Mwisho nikachukua masega ya zamani, gundi na mabaki ya asali humo humo, nikakamua, nikachuja, nikanyunyiza bustani nzima ya mama mmoja jirani wa kanisa. Asubuhi ile bustani ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Walikuja kwa utamu, wakawakuta vidukari, wakawafuga. Kweli wanawafuga, angalieni siku moja, wanawalinda kama mtu na mbuzi wake.

Yule mama alisimama na kopo lake mkononi, akaniangalia. "Bwana Nyuki," akasema, "hivi wewe umekuja kuwaua hawa au kuwapikia?"

Nilikumbuka baadaye kwamba gundi ikinishika vidoleni nilikuwa naitoa kwa spiriti. Basi ni spiriti, si maji. Lakini spiriti ilikuwa dukani Nachingwea mjini, na Mnero msimu wa mabibo kijiji kizima kinanuka pombe ya korosho. Mnajua ninachotaka kusema. Nilipata chupa moja kali, nikatia gundi iliyopondwa, nikaitikisa kila nikipita, na baada ya siku kadhaa ikawa nyekundu kama chai ya rangi. Kosa langu likawa kuiweka dirishani. Jirani alipita, akainusa, akapiga mafundo mawili. Gundi ikamshika meno. Siku nzima alizungumza kwa pua, na mtendaji wa kijiji, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu na hana mzaha, alinifuata akiwa na chupa mkononi.

"Nasikia hii ni dawa ya mchicha."

"Ndiyo, mtendaji."

"Mbona mchicha ndio umelala na mtu ndiye anayepepesuka?"

Tangu hapo nilinunua spiriti dukani, na nyie mnunue. Mkipata yale maji mekundu, chukueni kidogo tu, mimineni kwenye maji mengi na sabuni kidogo ili ishike jani. Jaribuni kwenye majani machache kwanza, maana spiriti ikizidi inaunguza. Nyunyizeni jioni, jua limepoa. Mvua ikinyesha, rudieni. Na kwenye ua lililofunguka msinyunyize kitu chochote, hata hiki, kwa sababu kwenye ua ndipo nyuki wenu wanapokula.

Inasaidia? Inasaidia kiasi. Vidukari walipungua, hawakwisha. Yeyote atakayekwambia gundi ya nyuki inamaliza wadudu wote, muulize amelima wapi.

Sasa nije Nkowe, kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa jirani yangu nilipohamia upande wa Ruangwa. Mmwera, mjane, mwembamba, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mimi aliniita mwanangu akiwa na furaha na Mnyamwezi akiwa amekasirika. Alikuwa na njugumawe ambazo sikuziona kwa mtu mwingine: nyekundu, na kila moja ina doa jeusi kwenye kitovu lenye ukingo mweupe, kama jicho linalokutazama. Yeye aliziita njugu za mama. Mama yake alimpa siku alipofungua shamba lake la kwanza, na mama yake naye alipewa na mama yake. Binti yake alifariki kabla ya kukabidhiwa. Alibaki mjukuu, Zuhura, ambaye mwaka ule alikuwa anatoka unyagoni, na mvua zikianza angelima kipande chake mwenyewe. Zuhura ndiye aliyekuwa anazisubiri.

Tatizo lilikuwa fukusi. Mwaka wa nyuma waliingia kwenye pipa, na Bi Somoe alipofungua alikuta unga na maganda. Alichambua zilizobaki nzima, akapanda, akavuna kidogo, kiasi cha kujaza kibuyu kimoja. Aliulizia mpaka gulio la Mbekenyera. Watu walimcheka: "Bibi, siku hizi ni ufuta na mbaazi. Njugu ya nini?" Hakuna aliyekuwa nazo. Dawa ya vumbi ya dukani hakuitaka, kwa sababu mwaka wa njaa walikula mbegu iliyotiwa dawa, wakaharisha nyumba nzima.

Akaja kwangu, akakaa kwenye kizingiti. "Mwanangu, nyuki wako wanajua kufukuza fukusi?"

"Gundi inaweza kuwasumbua."

"Sitaki wasumbuliwe. Nataka wasiingie. Fukusi wakila hizi, sina nyingine, wala Zuhura hana. Tumekwisha."

Nikasema gundi ya kunyunyiza hapa haifai. Ni mbegu, na kama mambo yakiharibika ni chakula. Bora tutumie nta. Tuzibe kibuyu kabisa, hewa isipite. Mdudu anavuta pumzi kama mimi na wewe. Akimaliza hewa iliyo ndani, anaishia hapo hapo.

"Na mbegu haivuti pumzi?"

"Inavuta, ila kidogo sana. Imelala."

"Haya. Na kibuyu?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Vibuyu vyake vilikuwa vyepesi, vina nyufa, na kibuyu kikavu kinapumua chenyewe kupitia ganda. Mimi nilikuwa namjua mtu mwenye vibuyu vizito. Kulikuwa na Msukuma, Masanja, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka upande wa ziwani, na mke wake alikuwa na vibuyu vya kusukia maziwa vilivyokunywa siagi miaka na miaka mpaka ganda likawa kama ngozi ya kiatu. Hewa haipiti pale.

Bi Somoe kusikia jina la Masanja alisimama. "Ng'ombe zao zimekula mbaazi za watu huko bondeni. Leo nitie mbegu ya mama yangu kwenye chombo chao?"

"Bi Somoe, kibuyu hakijala mbaazi ya mtu."

"Wewe unawatetea kwa sababu ni wa kwenu."

Ni kweli sisi na Wasukuma ni ndugu, na tulitaniana sana. Masanja alipokuja na kibuyu mwenyewe, amekibeba kama mtoto, alisimama mbali na uwanja wa mama yule na kuamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'ombe umewaacha na nani?"

"Wanangu wanachunga, mama. Leo hawafiki bondeni."

"Leo," akasema Bi Somoe. Lakini alikipokea kibuyu, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, na nikaona uso wake umelegea kidogo. Tulikisugua kwa majivu, tukakianika, tukakifukiza moshi mpaka harufu ya maziwa ikatoka.

Sikilizeni jinsi tulivyofanya, maana hili ndilo mnaloliuliza bila kujua. Njugu tulizimenya zote, na kila yenye kitundu ikawekwa pembeni. Tukazianika juani juu ya jamvi mpaka ziking'atwa zinapasuka, haziingii jino. Halafu tukatia chache kwenye chupa safi pamoja na chumvi kavu, tukatikisa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, bado kuna unyevu, rudisheni juani. Ukiziba mbegu mbichi utafungua uozo, nimewahi kufungua, harufu yake sitaisahau. Kibuyu tulikijaza mpaka mdomoni, ili nafasi ya hewa iwe ndogo.

Nta msiiweke kwenye moto moja kwa moja, inawaka. Wekeni sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Nilikata nusu ya donge la mama yangu. Lakini nta ya nyuki wakubwa peke yake ikikauka inapata nyufa, kwa hiyo nilichanganya na ile nyeusi ya nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti na kuta. Hiyo haikauki, inabaki kunata. Tukaziba mdomo kwa kizibo cha mti, tukamwagia nta, tukapaka na ganda zima kwa nje. Kilipopoa kilikuwa kinang'aa.

Bi Somoe alikitikisa sikioni. Njugu zikalia kavu, kra, kra, kama kokoto. "Fukusi akiingia," akasema, "sauti inakuwa nzito. Inakuwa na vumbi." Hilo nilijifunza kwake, na mpaka leo nasikiliza kibuyu kabla ya kukiangalia.

Baada ya wiki nikaitwa kwa kelele. "Mnyamwezi! Njoo uone mboga yako!"

Ndani, jikoni, mlikuwa na chungu cha mlenda, na juu ya mlenda yanaelea mafuta ya manjano. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya mafiga. Nyie mliozaliwa Nkowe mtaelewa mara moja: mbegu ya nyumba inatundikwa juu ya moto, moshi uilinde. Ndivyo mama yake alivyofanya, na ndivyo bibi yake. Mikono yake ilikitundika bila kumuuliza. Na mimi niliyetoka kwenye kuyeyusha nta sikufikiri hata kidogo kumwambia kwamba moto unayeyusha nta.

Alikuwa amekaa chini, kanga imemwanguka mabegani. "Zimeingia hewa?"

Nikakishusha. Nta ya ganda ilikuwa imetiririka, lakini ile nyeusi ya mdomoni ilikuwa imelegea tu, imezunguka kizibo kama ulimi. Haikuachia. Nilimwambia hivyo, hakuniamini mpaka alipopapasa mwenyewe kwa kidole, polepole, mzunguko mzima. Tukapaka upya kwa nusu ile iliyobaki ya donge, na kibuyu kikahamia pembeni mwa chumba chake, penye kivuli, juu ya kinu kilichopinduliwa. Mlenda tuliutupa. Zuhura alisema ulikuwa na harufu nzuri.

Kisha ukaja msimu wa ngoma, na ndipo niliposikia kwamba fukusi hakuwa hatari peke yake.

Kaka yake Bi Somoe, tuliyemwita Mjomba, alikuja kutoka Mbekenyera kwa bodaboda, amevaa kanzu na miwani ya jua. Mnajua kwa Wamwera mjomba ana sauti yake katika mambo ya watoto wa dada. Aliuliza habari za chakula cha wageni siku Zuhura atakapotolewa. Mihogo ipo, kuku wapo, ubwabwa upo.

"Na njugu?"

Bi Somoe akaendelea kumenya mihogo.

"Dada, unyago wa nyumba yetu bila sufuria ya njugu za mama? Watu watasema nini?"

"Watasema nimeweka mbegu."

"Mbegu utaipata kwa watu."

"Kwa nani? Nitajie."

Mjomba akaomba bodaboda yake iwashwe. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wageni, na siku ya ngoma, akina mama wameshajaa uwanjani, alisema kwa sauti kwamba kibuyu kiletwe. Niliona wanawake wakigeuka. Nilidhani mbegu ndiyo imekwenda. Bi Somoe akaingia ndani, akatoka nacho mikononi, akakiweka katikati ya jamvi.

Mjomba akapiga magoti, akaanza kuchokonoa nta kwa ukucha. Ile nyeusi ikamng'ang'ania kidole. Akavuta, ikavutika. Akajifuta kwenye kanzu, kanzu ikashika kidole, na kidole kikashika kanzu. Akina mama wakaanza kucheka kidogo kidogo.

"Mwacheni mjomba," Bi Somoe akasema, "anachumbiana na nyuki."

Hapo uwanja ukalipuka. Bi Somoe akakichukua kibuyu, akakitikisa sikioni mwa somo wa Zuhura, mama mkubwa wa ngoma ile. Kra, kra. Akampa na wa pili yake, naye akatikisa, kikazunguka jamvi zima mkono kwa mkono. "Njugu zipo," akatangaza. "Kila mtu amezisikia. Mwakani mtazila, kwenye shamba la Zuhura."

Somo akaanzisha wimbo papo hapo, wa njugu zinazoliwa kwa masikio, na Mjomba mwenyewe, kidole bado kwenye kanzu, akaishia kucheza. Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba. "Bwana Nyuki, hii inatoka kwa nini?" Nikampa mafuta ya kupikia.

Naruka sasa mpaka pale mwili wangu uliponikataa. Nilikuwa nimeumwa na nyuki tangu utotoni, nikaacha kuhesabu. Siku moja, kwenye mizinga ya Mnero nilikoenda kuwasaidia, nyuki mmoja alinichoma shingoni, na baada ya muda mfupi midomo ikavimba, koo likabana, dunia ikawa nyembamba. Walinifikisha zahanati kwa pikipiki, nimeshikwa katikati ya watu wawili kama gunia. Nilipozinduka, muuguzi alikuwa ameketi karibu.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Nyuki."

"Tafuta nyingine," akasema kwa upole. "Safari nyingine tunaweza tusiwahi."

Wadogo zangu, hili lichukueni kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Mtu akichomwa akaanza kuvimba mbali na alipochomwa, au pumzi ikambana, msisubiri, msimpake kitu, mpelekeni. Mimi nilikuwa na watu wawili na pikipiki. Wengine wako porini peke yao.

Nilikaa Nkowe mpaka mvua kwa sababu moja tu. Bi Somoe alikuwa hajafungua.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ya pili ikalowesha ardhi sawasawa. Asubuhi alituita, Zuhura, mimi, na akatuma mtu amwite Masanja pia. Masanja alisimama pale pale alipozoea, mbali na uwanja, mpaka aliposikia, "Wewe, kibuyu ni chako, unasimama huko kwa nini?" Akasogea.

Bi Somoe alikitikisa kwanza. Akasikiliza kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Halafu akakata nta kwa kisu, akang'oa kizibo, akamimina kwenye ungo.

Zilitoka nyekundu, zinateleza. Zuhura alipitisha vidole, akachambua, akachambua tena. Alipata mbili zenye vitundu, na ndani ya moja fukusi mkavu, mwepesi kama ganda la mtama. Bi Somoe akamchukua yule mdudu kwenye kiganja, akamtazama, akampulizia upepo. "Nenda," akamwambia.

Hakulia. Alimkamata Zuhura mkono, akamjazia njugu kwenye ncha ya kanga, akaifunga fundo. Wakaenda shambani. Sisi wanaume tulibaki na ungo mtupu, na Masanja akasema kwa Kisukuma kitu ambacho maana yake ni kama kusema sasa wamevuka mto.

Niliondoka njugu zilipochomoza. Mizinga niliiacha kwa kikundi, na bomba la moshi, na kofia. Ndoo ilikuwa tupu. Bi Somoe alinisindikiza mpaka stendi ya Ruangwa, na hapo akatoa kwenye kanga kibuyu kidogo kama ngumi, kimezibwa kwa nta. Nta ile niliitambua. Ilikuwa ile aliyoikata siku ya kufungua, ameiyeyusha tena.

"Hizi zilibaki siku ya kupanda. Usikifungue njiani," akasema. "Kifungue utakapolima."

"Bi Somoe, mimi sina shamba popote."

"Basi utalipata. Njugu hazikai kwenye basi."

Nikapanda. Basi lilipoanza kutembea alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kiunoni, ananitazama kama anayehakikisha nimeelekea upande unaotakiwa. Nilikuwa nimezoea kukata tiketi ya hapo mbele tu, nikifika nitajua. Konda akaja na kitabu chake.

"Mzee, mpaka wapi?"

"Dar. Kisha Tabora, kisha Sikonge."

"Mbali huko. Na hicho kibuyu kina nini? Isije kuwa ya mabibo."

Nikamtikisia sikioni. Kra, kra.

"Za nani?"

"Za mama," nikasema, na safari hii sikulala.